Mpinzani Wako Amejiuzulu

Juzi programu ninayochezea sataranji kwenye simu iliniletea tathmini yangu. Siku hizi inamfanyia hivyo kila mtu aliyekwisha kucheza michezo ya kutosha: inatazama kimyakimya namna unavyoshinda na unavyoshindwa, kisha siku moja inakwambia ulivyo. Nguvu zangu, ilisema, ni subira, na kujua kumalizia mchezo kete zikishabaki chache. Udhaifu wangu ni malkia. Namng'ang'ania. Niko tayari kupoteza farasi, ngome na askari kadhaa, ili mradi yeye abaki ubaoni. Ikanipa na mpango wa kujirekebisha: nijizoeze kumtoa malkia mapema kwa kubadilishana, nisiogope kucheza bila yeye.

Chai ilichemka ikamwagika nami bado nimesimama na simu mkononi. Nakaa peke yangu kwenye chumba cha kupanga, na hakukuwa na mtu wa kuniambia, "Wewe, chai!" Nilizima jiko nikakaa kitandani nikaisoma tena. Udhaifu ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa Baba. Nimeurithi kama wengine wanavyorithi mwanya wa meno, na nimeishi miaka yote hii bila kujua kwamba unaonekana.

Baba alikuwa stesheni masta msaidizi. Sataranji alijifunza shuleni Tabora, kwa rafiki yake, mtoto wa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini. Yule rafiki alipohama na wazazi wake alimwachia ubao na kete zake. Farasi mmoja mweusi alikuwa amepotea, na mahali pake Baba aliweka kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi. Mimi nilikua nikiamini kwamba sataranji yote duniani ina farasi watatu na kizibo kimoja. Nilipoiona kwa mara ya kwanza kwenye simu, farasi wanne kamili, nilimwambia Baba wamekosea.

Mama alifariki nikiwa sijaanza shule. Simkumbuki vizuri, nakumbuka kanga yake yenye harufu ya moshi, basi. Baada ya msiba Baba alinifundisha mchezo ule, nadhani kwa sababu hakujua tufanye nini jioni, sisi wawili, ndani ya nyumba iliyozoea sauti ya mtu wa tatu. Hakuwa mtu wa maneno. Alinionyesha kila kete kwa kuisogeza tu, kisha ananitazama niisogeze mimi. Nilipokosea hakusema nimekosea. Aliirudisha ilipokuwa, akasubiri. Kitu kimoja tu alikisema mara nyingi: "Mchezo unamalizwa, haukimbiwi." Hata nikiwa nimebakiza mfalme peke yake, anahaha kona hadi kona kama kuku aliyefunguka kamba, ilikuwa lazima nicheze hadi anaswe.

Kisha akahamishiwa Tura, stesheni ndogo upande wa mashariki, porini. Ikaamuliwa mimi nibaki Tabora kwa Shangazi Zuhura, dada yake, kule Isevya. Shule nzuri ziko mjini, walisema. Walisema wao, mimi sikuulizwa.

Siku anaondoka tulimsindikiza stesheni. Alikuwa ameshapanda, ameinama dirishani, na treni ilikuwa imeanza kushtuka kama mtu anayeamshwa usingizini.

"Baba, na mimi nitakuja lini?"

Akatazama juu kidogo, kana kwamba jibu liko kwenye bati la stesheni. "Siku utakayonifunga," akasema. "Ukinifunga mara moja tu, nakuja kukuchukua mwenyewe."

Shangazi akacheka. Baba naye akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nahesabu kichwani ni mara ngapi nimekwisha kumfunga, na jibu lilikuwa hakuna.

Watu wazima hawajui uzito wa maneno wanayomrushia mtoto dirishani. Tangu siku ile nilielewa hivi: sikuachwa Tabora kwa sababu ya shule. Niliachwa kwa sababu sijui kucheza. Yaani kosa linarekebishika.

Tulicheza kwa simu, ule mchezo wa taratibu ambao mtu anapewa siku kadhaa kufikiria hatua moja. Baba alijiita Masta wa Tura. Mtandao kule, alisema, ulipatikana kwenye dirisha la jikoni tu, ukiegemeza simu kwenye nondo. Mimi nilitumia simu ya Shangazi, nikitoka shule, hadi adhana ya magharibi. Shangazi aliuza dagaa wa Kigoma na mafuta ya mawese kwenye genge mbele ya nyumba, na simu yake ilinuka vyote viwili. Nilikuwa naipangusa kwa sketi ya shule kabla ya kuifungua.

"Mchezo gani huu," Shangazi alikuwa akiniuliza, "mtu anakaa kutwa nzima kusogeza kidude kimoja?"

"Ndivyo unavyochezwa."

"Haya. Mwambie baba yako na hela ya sare aisogeze."

Alikuwa mwema Shangazi, ila alikuwa na shughuli nyingi, na hakuwa amezaa, na mimi nilikuwa mtoto wa kujikalia. Wenzangu walicheza rede na kombolela hadi vumbi linawapaka nywele. Mimi nilikaa kizingitini na simu. Waliniita Bibi Simu. Pale kwa kinyozi jirani wanaume walicheza drafti kwa vizibo vya soda, nikasogea siku moja kutazama, na mmoja akanitazama kwa mshangao kama nimeingia msikitini na viatu. Sikurudi tena. Ulimwengu wangu ukawa miraba sitini na nne, na upande wa pili wa miraba hiyo, mbali huko, alikuwepo mtu mmoja.

Mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za njia ya misafara, kwamba wapagazi wakitoka pwani walipita pori refu kavu lililoitwa Mgunda Mkali, na kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kuwapokea kilikuwa Tura. Walipofika Tura, alisema, Wanyamwezi waliimba, maana walijua wamefika kwao. Darasa zima liliandika. Mimi niliinamisha kichwa juu ya dawati nikaona wivu juu ya watu waliokufa zamani.

Baba alianza kuniandikia kwenye kile kisanduku cha ujumbe cha mchezo. Maneno mafupi, kama simu za upepo za zamani. "Haraka." "Umeona farasi wangu?" "Malkia si wa kutembezwa mitaani asubuhi." Nilikuwa nayarudia njiani kwenda shule. Wengine walikuwa na baba wa kuwashika mkono. Mimi nilikuwa na "Haraka", na niliishika.

Nikajipangia mpango. Sikuuandika popote, niliuhifadhi kichwani kama sura ya madrasa. Kwanza nilimjua Baba: anapenda farasi, anawatoa mapema na kuwakalisha katikati ambako hawatoki. Hana pupa. Ila hawezi kubadilishana malkia. Ukimtishia wake anamkimbiza, hata kama kumkimbiza kunamgharimu. Nilidhani ni kwa sababu ya Mama. Nilidhani ameshatoa mmoja, hataki tena. Na mfalme wake anamfungia nyuma ya askari watatu, anasahau kumwachia mlango. Kisha nilijijua mimi: nakumbuka vizuri, lakini nina haraka, na nikipoteza kete moja nakasirika nikazitupa na nyingine. Basi nikaamua kwamba kila nikitaka kusogeza, nisome kwanza Fatiha hadi mwisho. Nikimaliza ndipo niguse.

Nilifanya mazoezi na watu wasiojulikana. Bendera tu na majina: mtu wa Ufilipino, mtu wa Brazili, mtu wa nchi ambayo sikuwahi kuijua. Programu ile ilikuwa na Kiswahili kilichotafsiriwa kwa shida, na mara nyingine, nikianza kumzidi mtu, maandishi yalitokea ghafla: Mpinzani wako amejiuzulu.

Neno lile nililijua. Nililisikia kwenye redio ya Shangazi. Waziri fulani amejiuzulu, mkurugenzi fulani amejiuzulu. Ni kuacha kazi. Nilimuuliza Shangazi kuhakikisha, akasema, "Ndiyo, mtu akishindwa anaona aibu, anaacha kazi anarudi kwao." Nikashtuka. Nilifikiria yule mtu wa Ufilipino, yuko ofisini, ameshindwa na mtoto wa Isevya, anafunga droo zake, anarudi nyumbani kwa mguu. Kwa muda niliogopa kucheza. Kisha nikajifariji kwamba labda huko nyumbani wapo waliokuwa wakimsubiri.

Ikafika wakati wa kiangazi, lami inalainika na maembe bado mabichi, nikaona mchezo wa Baba unabadilika. Kwanza ujumbe ulikoma. Hakuna tena "Haraka." Niliandika, "Baba shikamoo," na kilichorudi ni hatua ya askari tu. Kisha farasi wakaacha kutoka. Walibaki nyuma kama mbuzi waliosahauliwa zizini. Kisha siku moja nilimtishia malkia wake, kwa mazoea tu, nikijua atamkimbiza. Hakumkimbiza. Alimla wangu, nami nikamla wake, na ubao ukabaki mtupu.

Niliitazama simu hadi ikajizima. Baba amekubali kumtoa malkia.

Mtoto hutafuta maana iliyo karibu na haja yake. Nilijiambia: Baba amechoka kukaa peke yake. Ananiachia nishinde ili aje kunichukua, ila hawezi kusema, kwa sababu yeye si mtu wa kusema. Nilifurahi hata nikakosa hamu ya kula. Niliona dalili kila mahali. Shangazi akipigiwa simu alikuwa akitoka nje kuongea kwa Kinyamwezi, sauti chini. Nikajua wanapanga safari yangu. Alisafiri siku chache, akaniacha kwa jirani, akasema anakwenda Ziba kwa ndugu kufuata mpunga. Alirudi bila mpunga, macho yamevimba. Nikadhani anasikitika kwamba naondoka.

Nikaanza kumwonea huruma. Nilimsaidia kupanga dagaa mafungu bila kuambiwa.

Mchezo ule nilimzidi Baba polepole, Fatiha kwa Fatiha. Nikapata askari mmoja zaidi, kisha wawili. Alasiri moja nilitoka shule, nikapangusa simu, nikafungua, na maandishi yakawa yananisubiri: Mpinzani wako amejiuzulu.

Amejiuzulu. Baba ameacha kazi. Anarudi kwao.

Shangazi alikuwa ameenda sokoni. Nilioga, nikavaa gauni la Idi lililokuwa limeshanibana kwapani, nikaweka daftari, nguo zangu na simu kwenye mfuko wa rambo, maana sikujua kama Baba akija tutakaa tena Tabora au ananichukua moja kwa moja. Nikafunga mlango, nikampa jirani ufunguo, nikaenda stesheni kwa miguu.

Treni ya kutoka mashariki ilikuwa imechelewa, kama kawaida yake. Nilikaa kwenye benchi karibu na wanawake waliokuwa wakichambua karanga. Mmoja aliniuliza, "Unasafiri, mama?" Nikamjibu, "Nampokea baba yangu." Akanipa karanga za mkononi. Nilizila moja moja. Najiona hadi leo, magoti pamoja, mfuko mapajani, najizoesha nitakavyosema shikamoo bila kulia.

Treni ilipofika watu walishuka kama maji. Niliwatazama wote. Nilitazama kofia, nilitazama miguu, kwa sababu Baba alikuwa na mwendo wa kurusha mguu wa kushoto. Walishuka na magunia, na ndoo za asali, na watoto waliolala mabegani. Kisha wakapungua. Kisha akabaki mzee mmoja anayehesabu mizigo yake, na wafanyakazi wa reli wakifunga milango. Nilimfuata mmoja wao.

"Shikamoo. Masta wa Tura ameshuka behewa gani?"

Alinitazama, akavua kofia. Wanaume hawavui kofia mbele ya mtoto. "Wewe ni nani wake?" akauliza.

Kabla sijajibu nikasikia mtu ananiita kwa jina langu lote, "Kabula Shabani!" na Shangazi alikuwa anakuja mbio, kapu la sokoni bado mkononi, kiatu kimoja kimevuka kisigino. Nilidhani atanipiga. Alinishika mabega akanitikisa, kisha akanikumbatia, kisha akanitikisa tena.

"Umekuja kufanya nini huku? Jirani ananiambia umebeba nguo!"

"Baba anakuja. Amejiuzulu."

"Amefanya nini?"

"Ameacha kazi. Nimemfunga. Alisema nikimfunga anakuja."

Shangazi alikaa kwenye benchi bila kuangalia anakalia nini. Alikaa juu ya maganda ya karanga. Wale wanawake wakaacha kuchambua.

"Kabula," akasema, "baba yako hajaacha kazi. Baba yako anaumwa. Amepigwa na kiharusi, mwezi wa pili sasa. Mkono wa kulia hauinuki, na kusema hasemi."

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia jana tu amecheza. Nikamfungulia simu nimwonyeshe, hatua kwa hatua, na yeye, ambaye hajui farasi wala ngome, alitazama yote hadi mwisho, machozi yanamdondoka juu ya kioo, akisema, "Ndiyo, mwanangu. Naona. Naona."

Tulipanda treni pamoja safari iliyofuata. Nje ilikuwa miombo mikavu, mizinga ya asali imening'inia juu ya miti, na udongo mwekundu.

Tura ilikuwa stesheni ya rangi ya njano, tangi la maji, nyumba chache za reli, na wanawake waliokimbilia madirisha ya treni na mihogo na kuku wa kukaanga. Mmoja wao, mrefu, mwembamba, hakukimbilia madirisha. Alisimama akatusubiri, sinia limefunikwa kitambaa.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umechoka?" Alinishika kichwani. Mkono wake ulinuka mafuta ya kukaangia. "Mimi naitwa Nyamizi."

"Msalimie vizuri mama yako mdogo," Shangazi akasema, bila kunitazama.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Baba ameoa. Nilikuwa nimekuja nikijua nimempoteza nusu, nikakuta na nusu iliyobaki ina mwenyewe.

Baba alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini, nyuma ya nyumba, mgongo umeegemezwa mito. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa Baba. Upande mwingine ulikuwa umeteremka. Aliponiona alitoa sauti, sauti moja ndefu isiyo na herufi, na mkono wa kushoto ukainuka. Nilitaka kwenda. Nikabaki nimeshika mkono wa Shangazi. Ni Nyamizi aliyenisukuma mgongoni, taratibu.

Baadaye, Shangazi alipokuwa anamlisha Baba uji, nilikwenda jikoni. Nyamizi alikuwa anakuna nazi, nazi ya kuletwa na treni, na simu ya Baba ilikuwa imeegemezwa kwenye nondo za dirisha.

"Ni nani alikuwa anacheza?" nikamwuliza.

Hakuacha kukuna. "Mwanzo ni yeye. Mimi nashika simu, yeye ananyoosha kidole cha kushoto, nabonyeza. Tangu kabla hajaumwa nilikuwa nakaa naye akicheza, akininong'oneza hiki kinakwenda hivi, hiki hivi. Kisha akawa analala sana. Nikimwamsha ananyoosha kidole hewani. Nikaona mtoto atasubiri. Nikacheza mimi."

"Kwa nini hukuandika?"

"Ningeandika ungejua si yeye."

"Na kujiuzulu?"

"Kile kitufe cha bendera nyeupe, cha kukubali umeshindwa?" Akatazama chini. "Niliona umenishinda. Nikasema basi, mtoto amefurahi, nimwachie. Nilikosea?"

Nilijua pale pale kwamba nilipaswa kugundua. Baba hakimbii mchezo. Nikahisi hasira ya ajabu, si juu ya ugonjwa, maana ugonjwa ulikuwa mkubwa kuliko mimi. Juu ya ule ushindi. Nilimwambia, kwa sauti ambayo haikuwa ya adabu, "Kwa hiyo sijamfunga Baba. Nimekufunga wewe."

Nyamizi akaweka mbuzi ya nazi pembeni, akafuta mikono. Aliingia chumbani akatoka na ubao, ule wenyewe, na kopo la kete. "Kamfunge," akasema. "Yuko macho."

Tukapanga kete juu ya mkeka. Mkono wa kushoto wa Baba ulikuwa mgeni kwa kazi ile. Uliangusha askari, mimi nikawasimamisha. Aliponiona nimeshika kete nyeupe macho yake yakapata moto, na kwa hatua chache za mwanzo alikuwa yeye, kabisa, hadi nikasahau. Nilisoma Fatiha yangu. Alisogeza. Nilisogeza.

Kisha akakishika kile kizibo. Akakiinua, akakivusha ubao mzima kwa mstari ulionyooka, kama ngome, akakiweka juu ya askari wangu. Akanitazama, akisubiri, uso ule wa upande mmoja ukiwa umejaa raha.

Nilifikiri, ni kizibo, amesahau kwamba ni farasi. Lakini baada ya muda akamshika farasi wa kweli, mwenye masikio na shingo, naye akamtembeza hivyohivyo, moja kwa moja, kama gari moshi kwenye reli.

Mtu aliyekuwa akinirudishia kete bila neno. Nilijua nguvu zake zote, nilijua kila udhaifu, nilikuwa na mpango kwa kila mmoja, na kwa hili sikuwa na mpango. Nilimtazama Shangazi, alikuwa ameinamia bakuli la uji. Nilimtazama Nyamizi. Akatikisa kichwa kidogo sana, akimaanisha acha.

Nikaacha. Nilimtoa yule askari aliyeliwa nikamweka pembeni, na mimi nikaanza kuwatembeza farasi wangu kwa mstari, ili tuwe tunacheza mchezo mmoja.

Tulicheza hadi jua likakaribia vilele vya miti. Mfalme wake alikuwa amefungiwa nyuma ya askari watatu, vilevile kama zamani. Nilikuwa na ngome, na njia ilikuwa wazi. Sikutaka. Lakini aliponiona nasita, Baba alikunja uso, akagonga ubao kwa kidole, mara nyingi, kwa hasira. Mchezo unamalizwa. Hilo alikuwa hajalisahau. Nikapeleka ngome hadi mwisho.

Alitazama muda mrefu kutafuta mlango. Alipoona hakuna, alicheka. Kicheko kilitoka upande mmoja na mate kidogo, Nyamizi akampangusa kwa ncha ya kitenge, naye akazidi kucheka, na mkono wa kushoto ukanishika kisogoni ukanivuta hadi paji langu likagusa kifua chake. Kilikuwa kinanuka dawa ya kuchua na jasho. Nilikaa hapo.

Sikuhamia Tura. Shangazi alisema shule, na safari hii aliniuliza. Tulikaa siku chache, tukarudi Isevya. Baba alifariki kabla mvua hazijakolea. Tulikwenda tena kumzika kule, kwenye udongo uleule mwekundu, na watu wa reli walikuwa wengi, na yule aliyevua kofia Tabora alikuwepo. Nyamizi alikuwa ndani na wanawake. Nilimwona kwa mbali tu, amejifunika. Hakuwa mama yangu. Hakuwa hata mtu ninayemjua. Nilidhani nikirudi Tabora yatakuwa yamekwisha.

Matanga yalianuliwa, majirani wakarudisha mikeka yao. Shangazi akafungua genge. Mimi nilirudi kizingitini, safari hii bila simu, kwa sababu hakukuwa na wa kucheza naye. Wenzangu hawakuniita tena Bibi Simu. Mwalimu alikuwa amewakataza, nayo ikawa upweke mwingine, wa kutoitwa chochote.

Alasiri moja nikasikia Shangazi gengeni anasema, "Astaghafirullah!" Simu ilikuwa imemdondoka juu ya dagaa. Nilikwenda nikaiokota. Kwenye kioo, kati ya alama za vidole vyenye mafuta, iliandikwa: Masta wa Tura amekualika kucheza.

"Izime!" Shangazi akasema, amejishika kifua. "Izime, Kabula, hiyo ni nini?"

"Ni mama mdogo," nikasema.

Alikuwa ameshaanza. Alisogeza askari wa pembeni kabisa, hatua ambayo mtu yeyote anayejua sataranji angeicheka. Chini yake, kwenye kile kisanduku ambacho hakuwahi kukigusa, kulikuwa na neno moja.

"Umekula?"

Nilikaa juu ya gunia. Nilikuwa sijala. Tangu msiba nilikuwa naonja tu, na Shangazi, na shughuli zake na majonzi yake, alikuwa haoni. Nikaandika, "Bado."

Jibu lilichukua muda, nikawa namwona pale dirishani, anatafuta herufi moja moja kati ya nondo.

"Kale kwanza," akaandika. "Nasubiri."